Faili ni lako, ila uwe na kadi: tathmini ya duka la muziki la Bandcamp

Kati ya njia ambazo mtu aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaweza kuzitumia kupata muziki kupitia intaneti, ni chache mno zinazomwachia faili la wimbo analoweza kulinakili kwenye flashi, kulihamishia kwenye simu nyingine na kulipiga miaka kumi ijayo bila kumwomba yeyote ruhusa. Programu za kusikilizia muziki kwa ada ya mwezi humruhusu kupakua, lakini kilichopakuliwa hubaki kimefungiwa ndani ya programu hiyohiyo na hunyamaza siku ada inapokoma. Blogu zinazogawa nyimbo bure hutoa faili halisi, ila mara nyingi ni faili lililobanwa hadi matoazi yanasikika kama mchanga unaopepetwa, lenye jina la blogu mahali pa jina la albamu na sauti ya mtu anayejitangaza katikati ya ubeti wa kwanza, na mwenye wimbo hapati hata senti. Bandcamp, duka la mtandaoni lililoanzishwa Marekani mwaka 2008, linafanya jambo la kizamani kuliko hayo yote: linauza wimbo, linapokea fedha, linakabidhi faili, na biashara imekwisha. Tathmini hii inalipima duka hilo kwa mahitaji ya mnunuzi wa huku kwetu, ambaye ni dhahiri kwamba waliolijenga hawakuwa wakimfikiria yeye.

Kila msanii au lebo huwa na ukurasa wake, na mwenye ukurasa ndiye anayepanga bei, anayechagua sarafu na anayeamua kama nyimbo ziuzwe moja moja au albamu nzima tu. Wapo wanaoweka bei isiyobadilika, wapo wanaoweka kiwango cha chini wanachokikubali na kumwachia mnunuzi aongeze kadiri moyo wake unavyomtuma, na wapo wanaoruhusu hata sifuri. Albamu nyingi huuzwa kwa kati ya dola 7 na 10 za Marekani, na wimbo mmoja kwa dola 1 hivi. Kabla ya kulipa, mteja anaweza kusikiliza nyimbo zote kuanzia mwanzo hadi mwisho kwenye kivinjari, isipokuwa zile ambazo msanii amezizuia, ingawa msanii anaweza pia kuweka kikomo ili anayeurudiarudia wimbo uleule aombwe kuununua. Huo ni utaratibu wa haki. Mtu hanunui kitu asichokijua, na msanii hageuzwi redio ya bure ya mtu asiyekusudia kununua chochote. Mnunuzi wala halazimiki kufungua akaunti, kwa kuwa anwani ya barua pepe inatosha kupokelea kiungo cha kupakulia. Hata hivyo namshauri afungue, kwa sababu akaunti huhifadhi orodha ya kila alichonunua na humruhusu kukipakua tena simu ikiibiwa au kompyuta ikiharibika.

Jambo ambalo Bandcamp inawazidi wauzaji wengine wengi ni uhuru wa kuchagua aina ya faili. Duka humtaka msanii apakie rekodi isiyopoteza chochote, yaani WAV, AIFF au FLAC, kisha lenyewe hutengeneza nakala nyingine, na mnunuzi akishalipa huchagua anayoitaka: MP3 za viwango viwili, AAC, Ogg Vorbis, FLAC, ALAC, WAV au AIFF. Kwa msomaji anayenunua bando kwa siku au kwa wiki, uchaguzi huu si wa mapambo. Albamu ya dakika 40 katika MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ina ukubwa wa takriban MB 96. Albamu hiyohiyo katika WAV yenye ubora wa CD inazidi MB 420, na katika FLAC, ambayo hubana bila kutupa chochote cha sauti, mara nyingi huwa kati ya nusu na theluthi mbili ya WAV. Anayesikiliza kwa spika ya simu au kwa redio ya gari inayopokea flashi hana sababu ya kuchukua chochote zaidi ya MP3, tena redio nyingi za magari hazilitambui kabisa faili la FLAC na huliruka kana kwamba halipo. Mwenye amplifaya na spika nzuri nyumbani achukue FLAC, lakini asubiri hadi apate intaneti ya ofisini au ya chuo, kwa kuwa malipo yakishafanyika anaweza kupakua MP3 leo kwa bando alilonalo na kurudi kuchukua FLAC mwezi ujao bila kulipa mara ya pili. Uwezo huo wa kurudi na kubadilisha, ambao hautangazwi kwa kelele, ndio nauona kuwa hoja kubwa kuliko zote ya kununua hapa.

Inafaa kuongeza tahadhari kuhusu neno ubora. Faili la FLAC huhifadhi kila kilichokuwamo kwenye rekodi iliyopakiwa, na haliongezi kilichokosekana tangu mwanzo. Rekodi ya miaka ya 1970 iliyonakiliwa kutoka kwenye kanda iliyokaa kabatini pwani, penye joto na unyevu, itakuja na mvumo wake wote kwa uaminifu mkubwa, na msanii asiye makini aliyegeuza MP3 kuwa WAV ili apite masharti ya duka atakuuzia faili zito lenye sauti nyepesi. Kwa hiyo usikilize kwanza, na kwa vipokea sauti vya masikioni, kabla ya kutoa uamuzi kwa kuangalia ukubwa wa faili. Kwa upande wa mpangilio sina la kulalamikia: mafaili huja na jina la msanii, jina la albamu, namba ya wimbo na picha ya jalada, kwa hiyo yakiingia kwenye simu hujipanga yenyewe. Mtu aliyezoea maktaba ya simu iliyojaa nyimbo zinazoitwa kwa jina la tovuti zilikotoka ataiona tofauti hiyo mara moja.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa kuwa sababu inayotolewa mara nyingi ya kununua Bandcamp ni kwamba inamlipa msanii vizuri. Duka hukata asilimia 15 ya mauzo ya mafaili, na kiwango hicho hushuka hadi asilimia 10 mauzo ya msanii yakishafika dola 5,000. Kwa bidhaa zinazoshikika, kama santuri, kanda na fulana, makato ni asilimia 10. Juu ya hapo kuna ada ya kampuni inayopitisha malipo. Albamu ya dola 10 kwa hiyo humwachia mwenye ukurasa dola 8.50 kabla ya ada hiyo, na Bandcamp yenyewe inasema kwamba, kwa wastani, asilimia 82 ya kile alicholipa mnunuzi humfikia msanii au lebo yake. Kwa kuwa ada ya kupitisha malipo huwa na sehemu isiyobadilika kwa kila muamala, wimbo wa dola 1 hupoteza sehemu kubwa zaidi ya thamani yake kuliko albamu. Anayetaka fedha yake ifike na afadhali anunue albamu nzima kuliko kuokoteza wimbo mmoja leo na mwingine kesho.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini isomwe kwa makini. Asilimia 82 humfikia mwenye ukurasa, na mwenye ukurasa si lazima awe aliyeimba. Bandcamp hulipa wauzaji wake kupitia PayPal, na kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ikiweza kutuma fedha lakini si kupokea, wakati ya Kenya hupokea, na tangu mwaka 2018 fedha zake zinaweza kuhamishiwa M-Pesa. Maana yake ni kwamba kijana wa Temeke mwenye kompyuta, programu ya kutengenezea midundo na nyimbo ishirini tayari hawezi kufungua duka lake kirahisi kama mwenzake wa Nairobi; anahitaji lebo, au ndugu aliyeko nje, asimame kati yake na mnunuzi. Mfano unaojulikana zaidi ni singeli. Mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, uliotoka mwaka 2017 na kuifikisha singeli ya studio ya Sisso ya Mburahati kwenye masikio ya Ulaya, ulitolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, na ni katika ukurasa wa lebo hiyo ndipo unaponunuliwa. Sisemi haya kwa kuilaumu lebo, ambayo imefanya kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiifanya Dar es Salaam kwa wakati ule. Nasema kwa sababu mgawanyo kati ya lebo na msanii umo kwenye mkataba ambao mnunuzi hauoni, na kwa hiyo ile hisia tamu ya kumlipa msanii moja kwa moja inategemea ukurasa uliomo.

Upo mfano wa namna nyingine. Nyimbo za marehemu Joseph Kamaru, mwanamuziki mkubwa wa Kenya aliyeimba kwa Kikuyu na kufariki mwaka 2018, zimekuwa zikitolewa upya Bandcamp kwa juhudi za mjukuu wake, ambaye ni mtunzi wa muziki wa kielektroniki anayetumia jina la KMRU. Hapa fedha inarudi kwenye ukoo uleule uliotoa sauti, na mnunuzi anapata rekodi ambazo miaka michache nyuma zingemlazimu azunguke kwenye vibanda vya kanda akiuliza. Kama duka hili lingekuwa na kurasa hamsini za aina hiyo kutoka Afrika Mashariki, tathmini hii ingekuwa fupi na yenye sifa tupu.

Lakini hazipo hamsini, na hapo ndipo penye upungufu unaomgusa msomaji wa Kiswahili. Anayetafuta nyimbo zinazopigwa redioni wiki hii Dar es Salaam au Mombasa hatapata nyingi, kwa kuwa soko la bongo fleva limeelekea YouTube na programu za kusikilizia, na wasanii wake wakubwa hawana haja ya kuuza faili mojamoja kwa dola. Kinachopatikana kwa wingi ni kile kinachowavutia wanunuzi wa Ulaya na Marekani: singeli, muziki wa majaribio wa Nairobi na Kampala, na matoleo mapya ya rekodi za zamani, kama ule mkusanyiko wa Kenya Special wa lebo ya Soundway ya London, uliotoka mwaka 2013 ukiwa na nyimbo za miaka ya 1970 na 1980. Mpenzi wa zilipendwa atafurahi, ila atakuta maelezo ya jalada yameandikwa kwa Kiingereza kwa msomaji wa mbali, yakimfafanulia mambo ambayo yeye aliyakuta kwa wazazi wake. Taarabu ipo kwa uchache, na anayeitafuta ajaribu tahajia zaidi ya moja, kwa sababu wauzaji wa nje huiandika bila irabu ya mwisho. Msaada mkubwa kuliko kisanduku cha kutafutia ni vitambulisho vya mahali vinavyowekwa kwenye kurasa: kila msanii hutaja mji wake, na kuperuzi kwa jina la mji hutoa vitu ambavyo kutafuta kwa aina ya muziki hakuvifikii. Jihadhari pia, kwa kuwa yeyote anaweza kufungua ukurasa. Ukikuta bendi maarufu ya zamani inauzwa na ukurasa usio na maelezo, usio na jina la lebo na wenye picha ya jalada iliyofifia, ni busara kuuliza kabla ya kulipa.

Tatizo kubwa zaidi kwa mnunuzi ni mlango wa malipo. Bandcamp hupokea kadi za benki na PayPal. Haipokei M-Pesa, Airtel Money wala Mixx, na kwa watu wengi ambao maisha yao yote ya kifedha yamo kwenye simu, jambo hilo peke yake hufunga mjadala. Upande wa Kenya mambo yamelegea tangu Safaricom ilipoanzisha mwaka 2022 kadi ya Visa isiyoshikika inayochota salio la M-Pesa, na kampuni za simu za nchi jirani nazo zina huduma za namna hiyo. Mwenye kadi ya benki ya kawaida ahakikishe kwanza kwamba benki yake imeiruhusu kulipia mtandaoni, kwa maana kadi nyingi hutolewa zikiwa zimefungwa upande huo, na asisahau kwamba bei ya dola itageuzwa kwa kiwango cha benki, si kile kinachosomwa kwenye taarifa ya habari. Wenye ndugu Muscat, London au Minneapolis wana njia nyepesi zaidi: duka lina kadi za zawadi zinazotumwa kwa barua pepe, na albamu inaweza kununuliwa na mtu mmoja na kupakuliwa na mwingine. Ni ajabu kidogo kwamba njia rahisi ya kununua singeli ya Mburahati ukiwa Mburahati ni kumwomba shangazi aliye Uingereza.

Ukilinganisha na huduma zilizozaliwa huku, tofauti inaonekana vizuri. Mdundo, iliyoanzia Nairobi na ambayo hisa zake ziliorodheshwa katika soko la Copenhagen mwaka 2020, nayo hutoa faili la MP3 linalobaki kwenye simu, tena bila malipo, na gharama hulipwa na tangazo fupi la sauti linalowekwa mwanzoni mwa wimbo. Kwa msikilizaji asiye na kadi huo ni mpango unaoeleweka, na rafu yake ya muziki wa Afrika Mashariki ni pana kuliko ya Bandcamp. Hata hivyo, tangazo la sabuni au la bando likishaungana na faili lako, utalisikia kila unapoupiga wimbo, hata miaka baada ya ofa yenyewe kwisha, na ubora hauwezi kuupandisha. Kwa hiyo sizioni kuwa huduma zinazoshindana. Moja ni ya kusikiliza mengi kwa gharama ndogo. Nyingine ni ya kununua machache unayotaka kuyaweka.

Na kuweka ndilo jambo lenyewe. Historia ya biashara hii inatoa sababu ya kutomwamini muuzaji yeyote kuwa mtunzaji wa mali yako. Apple ilipofungua duka lake la iTunes mwezi Aprili mwaka 2003 na kuuza wimbo kwa senti 99, mafaili yake yalikuwa na kufuli lililozuia kuyapiga kwenye vifaa visivyoidhinishwa, na kufuli hilo liliondolewa kwenye nyimbo za duka hilo mwaka 2009. Bandcamp haijawahi kuweka kufuli, na hilo ni la kusifiwa, lakini yenyewe imebadilisha wamiliki mara mbili ndani ya muda mfupi: Epic Games iliinunua mwaka 2022, kisha mwaka 2023 ikauzwa kwa Songtradr, na karibu nusu ya wafanyakazi hawakuendelea na kazi. Duka limeendelea kufanya kazi na masharti ya wasanii hayakubadilika, lakini asiyepakua alichonunua, akiamini kwamba kitakuwapo daima kwenye akaunti, anaikopesha kampuni imani ambayo hakuna mkataba unaoidhamini. Pakua siku ileile, weka nakala moja kwenye diski ya nje, na nyingine kwa mtu unayemwamini.

Kwa wanaotumia simu pekee, kuna usumbufu wa kuzoeleka. Programu ya Bandcamp hupiga ulivyonunua na huweza kuvihifadhi kwa ajili ya kusikiliza bila intaneti, lakini haikupi faili lenyewe. Ili kupata faili ni lazima uingie kwa kivinjari, na albamu huja ikiwa imefungwa pamoja katika faili moja la ZIP linalohitaji kufunguliwa. Simu za Android hulifanya hilo bila shida kubwa, ila ziwe na nafasi ya kutosha, kwa kuwa wakati wa kulifungua ZIP na nyimbo zake huwapo zote mbili. Ukishamaliza futa ZIP. Kwenye iPhone nyimbo huishia kwenye programu ya mafaili badala ya kuingia kwenye programu ya muziki, na anayezitaka huko hana budi kupitia kompyuta. Santuri na kanda zinauzwa pia na huja na haki ya kupakua faili papo hapo, ila gharama ya kuzisafirisha kutoka Ulaya au Marekani hadi huku mara nyingi hukaribia au kuzidi bei ya santuri yenyewe, kwa hiyo sizipendekezi ila kwa mkusanyaji sugu au kwa mwenye msafiri anayerudi.

Atakayeamua kununua basi achague siku. Kuanzia mwezi Machi mwaka 2020, janga la korona lilipofuta matamasha, Bandcamp imekuwa ikitenga baadhi ya Ijumaa za mwanzo wa mwezi ambazo haichukui makato yake, na kwa siku hizo inasema wastani wa asilimia 93 ya malipo humfikia msanii au lebo. Si kila mwezi, kwa hiyo tarehe ziangaliwe kwenye tovuti yao. Siku hiyo huhesabiwa kwa saa za California, kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huanza saa nne asubuhi ya Ijumaa, au saa tano California inapokuwa katika majira ya baridi, na huisha saa hiyohiyo Jumamosi. Anayelipa alfajiri ya Ijumaa kabla ya kwenda kazini amewahi mno, na makato yatakatwa kama kawaida.